Sauti ya Madam Redioni

Olaya, Riyadh
Jumatano

Mdogo wangu Zablon,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini kifua cha shemeji Lorine kimepoa na mvua imewafikia. Mimi ni mzima, ila usingizi umenihama. Barua hii anakuletea Carol, anayesafiri leo, kwa sababu wewe ukipigiwa simu humweka mtu hewani kabla hajamaliza salamu.

Ni kuhusu ule wimbo alioutengeneza Brayo studioni kwake. Mwanzoni nilikupongeza, tena kwa dhati. Watu wa Kitale walisema roki ya wimbi jipya, yenye vinanda vya umeme na ngoma za mashine, ni kelele za watu wasio na ng'ombe wa kukama. Wewe ukaupiga kila asubuhi baada ya bei za maziwa. Wimbo mgeni ni kama jamaa wa mbali: akija mara moja mnamshangaa, akija kila siku mnamwekea kiti. Sasa hata huku wasichana wetu wanausikiliza kwenye simu, na wakikutana madukani wanaitana kwa ile sauti ya mwanamke anayefoka katikati ya kiitikio: "Yalla! Yalla!"

Sauti hiyo ndiyo inayonitia hofu. Mwimbaji alijirekodi kwa simu katika chumba cha kufulia, huko Jeddah, na madam wa nyumba akasikika akimhimiza afanye haraka. Brayo akaiacha makusudi, nayo ndiyo iliyowanasa wasikilizaji wako. Lakini madam huyo yupo, Zablon. Anaishi mtaa wa Aziziya, huko huko Jeddah, na huku kumrekodi mtu nyumbani kwake bila ridhaa ni kesi.

Wiki iliyopita dereva wake, Absalom wa Kimilili, alisahau kuzima kituo chako, anachokisikiliza garini kwa simu. Madam akamwambia aongeze sauti. Absalom akamdanganya kwamba ni tangazo la sabuni. Madam akacheka, akasema basi sabuni hiyo imeazima koo lake. Tangu hapo anawaita wafanyakazi wake mmoja mmoja, akiwauliza ni nani kati yao huimba.

Nawe umetangaza zawadi ya simu kwa atakayemtaja mwimbaji na nyumba anayofanyia kazi, hewani, Jumamosi! Brayo ameapa kunyamaza. Wasichana wa Jeddah hawajaapa.

Utauliza kwa nini mzee mzima anamhangaikia msichana asiyemjua. Namjua. Kazi ya mapokezi aliyoahidiwa hapa Olaya haikuwepo. Wakala alimpeleka Jeddah mara tu alipotua. Picha za maghorofa unazotumiwa nazipiga mimi, kwa kuwa aliniomba, akisema, baba mkubwa, baba akijua atauza shamba ili anirudishe. Brayo aliipitisha sauti yake kwenye mashine hadi hata wewe, uliyemfundisha kuimba, ukaipiga kila asubuhi bila kuitambua. Ni Valary wetu.

Nimeomba msaada ubalozini. Mambo hayo yanataka siku, na yanataka kimya, maana kafili wake, mdhamini anayeshikilia kibali chake, ni mume wa madam huyo.

Futa zawadi. Usieleze sababu, wala usilie hewani. Jumamosi, saa ya kipindi, piga kwaya yoyote. Nitakuwa nimefungulia kituo chako, nikisubiri kujua kama Carol amekufikia kwa wakati.

Shemeji mwambie wewe mwenyewe, kwa upole, akiwa ameketi. Mungu awashike mkono.

Kaka yako,
Ernest