Hawakunikubali, Hawakunikataa

Mama Emilienne wa redio, naomba unisaidie, lakini mbele ujue anayeomba ni nani: mimi ni Magloire wa Wamaza, na siku nililala na malaria, prefe wa shule yetu aliahirisha mtihani wa kemia, kwa sababu mimi nikikosa, angesahihisha nini? Kweli nilipoteza miaka miwili kule Lusangi nikichimba dhahabu, lakini nilirudi darasani na kichwa kilichopumzika. Sasa mama, iko chuo kimoja Kindu kinafundisha kazi ya kupima damu, na wanaoapa kwa maandishi kwamba hawataomba kwingine, dosie zao, zile karatasi za maombi, zinaangaliwa kabla ya za wengine, basi nikaapa, nikapanda pikipiki na dosie chini ya shati, pikipiki ikatulaza njiani siku mbili, nikaifikisha Kasongo kwa mutu wa chuo anayepokea dosie kule, na jibu limekuja: hawakunikubali, hawakunikataa, wataniangalia tena mwezi wa kumi pamoja na watu wote, tena nilete barua mpya ya mwalimu. Mpya ya nini? Ile ya Mwalimu Bulaimu ilikuwa nzuri, ingawa mistari mitatu ni kidogo kwa mutu wa kipimo changu. Darlène, aliyekuwa ananakili hesabu zangu, amekubaliwa, na ananicheka: "Weye uko muhogo ndani ya maji. Wanakufinya kuona kama umelainika." Nimemwambia muhogo mkubwa ndio unachelewa. Lakini baba amesema kama siendi Kindu, nirudi shimoni. Basi nataka kujua: watu wakisema "tutaona", wanaona nini? Nafasi yangu ni ngapi kwa mia?

*Jibu*

Magloire mwanangu, pole. Kwa mia sijui, na atakayekutajia hesabu anakudanganya. Dosie iliyowekwa kando haijatupwa. Kuna kitu kinakosekana, na wamekuambia ni kitu gani. Hawakuomba pointi zingine, hawakuomba diplome. Wameomba barua.

Sasa niambie. Barua ya mwalimu inatoka kwake imefungwa, na muhuri juu. Wewe mistari yake uliihesabu namna gani?

Usinijibu mimi. Kesho asubuhi, kabla hajaingia darasani, nenda kwa Mwalimu Bulaimu, useme ulichofanya, umwombe barua nyingine. Safari hii ibebwe na Darlène. Ndiyo, Darlène. Kisha uwaandikie wa chuo kilichotokea, kwa mistari mitatu, isizidi. Habari ya prefe na malaria uiache nyumbani.

*Ujumbe wa Magloire kwa simu, siku ileile*

Mama, nimesikia, na Wamaza nzima imesikia. Ni kweli. Pikipiki ilipokuwa inatengenezwa, nilitaka kuona tu kama mwalimu ameandika mimi ni wa kwanza. Nikafungua na mvuke wa chai, nikafunga na bugali, sababu gundi hapakuwa. Sikuona ubaya wowote, mpaka yule mutu wa chuo alipoanza kupangusa sisimizi mkononi.

Ile mistari ilisema hivi: "Magloire anasema sana. Hesabu anajua. Mpe kitu kilichofungwa, atakifikisha kikiwa kimefungwa."