Kiko Baada ya Vikombe Vitano

Jumamosi jioni, Julai. Ukungu umelala kihambani, kwenye migomba na kahawa yetu, tangu asubuhi, manyunyu hayakatiki, nami nimevaa sweta mbili. Nina furaha ya kitoto leo, sitaki kuificha.

Kiko kinawaka. Tumbaku ni ile ile ya soko la Majengo, ya bei chee, inayofungwa kwenye kipande cha gazeti. Watu wa makampuni huiita Burley. Muuzaji wangu anaiita tumbaku ya hewa, kwa kuwa jani lake hukaushwa kivulini bila kupitishwa motoni. Haina manukato wala utamu wa kukuhadaa. Ina ladha ya karanga za kukaanga, kakao kwa mbali, na mwishoni ukavu wa ganda la mkate.

Sikuivuta kwa siku nane. Siku nane! Mke wangu alisema nimekuwa mkali kama siafu, na hakukosea.

Sababu ni Aikande, binti wa marehemu kaka yangu, katibu wa kikundi cha wakulima hapa kijijini. Siku hizi wanauza kahawa wenyewe, moja kwa moja kwa mnunuzi wa nje, na wakichanganya gunia moja baya, mzigo wote umeharibika. Akaniomba niwaonjee. Nilikuwa mwonja kahawa mjini miaka mingi, na kazi ile ilikuwa na mwiko wake: hakuna kuvuta. Kampuni ilipopata wamiliki wapya, nikapunguzwa. Wiki hiyo hiyo nikanunua kiko.

Ni miaka sita sasa. Nilimkubalia Aikande, lakini moyoni niliogopa kwelikweli. Je, ulimi bado upo, au nimeshauunguza?

Leo vikombe vitano vilikuwa mezani, kila kimoja cha gunia la mkulima wake, watu wamenizunguka. Nikafyonza kwa kijiko, nikatema, nikaenda kwenye kingine. Cha nne kikanisimamisha.

"Hiki kina moshi," nikasema.

Watu wakacheka. Aikande akajitahidi kuwa na adabu: "Baba mdogo, samahani, si itakuwa kiko chako?"

Masikio yalipata moto. Nikarudia vyote, taratibu. Moshi ungekuwa wangu, ningeukuta katika kila kikombe. Ulikuwa kwenye cha nne tu, na haukuwa wa tumbaku, ulikuwa wa kuni mbichi. Nikawaambia hivyo, sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Kisha Mama Towo, jirani yetu wa kule bondeni, akainua mkono. "Ni ya kwangu hiyo. Jua limekataa wiki nzima, nikaipandisha darini, juu ya jiko."

Nakiri: nilifurahi kwanza, huruma ikaja baadaye. Alikuwa ameinamisha uso, naye ana watoto wa kusomesha. Gunia lake limewekwa kando, atauza peke yake kwa bei ya chini. Nilimfuata nje nikamwambia mchumo ujao anijulishe mapema, tutaanika kwenye baraza yangu. Akasema, "Asante, baba," bila kuniangalia. Simlaumu.

Kikundi kinanitaka kila Jumamosi mpaka msimu uishe. Aikande ana sharti: niache kiko kabisa. Nimekataa nusu. Tangu Jumapili hadi Ijumaa ulimi ni wao; Jumamosi, tukishamaliza kuonja, jioni ni yangu. Amekubali huku amenuna.

Kiko hiki nilikiwasha mara ya kwanza kwa sababu hapakuwa tena na mtu wa kuuhitaji ulimi wangu. Nilivuta kwa kinyongo, nikavuta mpaka nikazoea. Sikuwahi kuvuta nikiwa na kazi ya kuirudia, mpaka leo.

Kesho naanza tena kufunga, siku sita. Acha nijaze kiko cha pili.