Amplifaya ya Masikio ya Tata

Jumapili, 3 Agosti 2025

Tumefika Kendu Bay kutoka Ntimaru. Miguu imekwisha, lakini roho iko juu! Leo Tata, baba yangu, amemsikia Joyline wangu. Mtoto ana miaka mitatu na babu yake hakuwa anajua sauti yake ikoje.

Ni zile hedifoni kubwa za yule mgeni wa kurekodi ndege. Mume wangu Bonface alimzungusha ziwa la Simbi mwezi mzima akirekodi heroe, na siku ya kuondoka mgeni akamwachia kama zawadi. Bonface aliangalia bei kwa simu, akaniambia nisimwambie mtu. Mimi huziweka kwa sanduku la nguo za kanisa.

Nilizibeba nyumbani kwa Tata kujaribu tu. Nikachomeka kwa simu, nikamwekea rekodi ya Joyline akihesabu kuku. Moja, mbili, tano. Tata akafunga macho. Akapaza sauti vile huwa anaongea siku hizi: "Ni mtoto wa nani huyo?" Nikamwonyesha Joyline kwa kidole. Tata akavua kofia. Sijui mbona alivua kofia.

Lakini ni kidogo sana. Simu nimepandisha mpaka mwisho, na bado anasema ni kama mtu anaongea ng'ambo ya mto. Miaka kumi na moja kando ya mashine ya kusaga mawe ya dhahabu kule Macalder — ilimla masikio. Hospitali walisema kilichobaki ni kidogo na kila mwaka kinapungua.

Bonface anasema simu haina nguvu ya kusukuma hizi hedifoni, zinataka amplifaya yake. Basi nitaitafuta. Na maiki pia! Nataka asikie Joyline mwenyewe akimwita, si rekodi. Kabla hayo masikio hayajaisha.

Jumanne, 5 Agosti

Nimetoka Homa Bay kwa Caren, yule wa kwaya, anauza vyombo vya studio vya mitumba. Aligeuza hedifoni, akasoma namba 300 iliyoandikwa karibu na sikio, akapiga mluzi. "Mami, hizi umetoa wapi? Hizi si za kuchezea."

Akanielezea pole pole, si kama wale wa kukuona mshamba. Eti hedifoni za aina hii ni nzito kusukuma, ndiyo maana kwa simu zinanong'ona. Lakini hazitaki nguvu tu. Zinataka nguvu safi.

Akaleta kaboksi keusi, kadogo kama kipande cha sabuni. Shimo la hedifoni, shimo la maiki, vifundo viwili vya kuzungusha. Akanivalisha. Yesu! Nilisikia Joyline akifungua peremende upande ule mwingine wa duka. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe. Nikamwambia ni ya mzee wangu, masikio yake ni mabovu. Akasema hata ndiyo vizuri, hii inapanda kidogo kidogo, na sauti ikizidi inajikata yenyewe. "Sikio bovu halitaki kelele, mami. Linataka usafi."

Halafu nikaona waya wake umeingia kwa stima. Kwa Tata hakuna stima. Na yeye hawezi kuja kukaa hapa kwetu — mzee halali kwa mkwe. Hata chai ya hapa huwa anakunywa akiangalia jua limefika wapi. Kwa hiyo nataka kitu cha betri. Nikamwambia Caren nitarudi, nikaondoka.

Acha niseme ukweli, hapa hakuna mtu anasoma. Hata kama stima ingekuwako. Niliona ni kadogo. Nikajiuliza, kitu kama hiki kitamweza Tata?

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata! Migori, kwa Bogonko. Huyu hupeleka muziki kwa matanga kuanzia hapa mpaka Isebania. Duka limejaa spika kama kabati. Nikamweleza. Akacheka.

"Siste, mzee hasikii? Hii yangu hata marehemu husikia!"

Wote walioketi pale wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka.

Amplifaya yake inatumia betri ya gari. Haina shimo la hedifoni, lakini akakata waya, akaunganisha pale nyuma spika zinapofungwa, dakika tano tu. Nikamwambia juu ya kale kaboksi ka Caren. "Hiyo ya sabuni? Hiyo ni ya watu wa kusikiliza pumzi zao." Nikauliza kama nguvu haitazidi. Akasema nguvu mingi si shida, unapunguza tu kifundo.

Bonface akapiga simu kuuliza. Caren alisema nini? Nikamwambia yake haiwezi kufanya kazi bila stima.

Sikuwa nimemuuliza Caren hiyo.

Jumamosi, 9 Agosti. Ntimaru

Siwezi.

Nimejaribu tena. Wacha niandike hivyo hivyo.

Tuliketi mbele ya stoo ya tumbaku, Tata kwa kiti chake, betri chini. Nikamvalisha hedifoni. Kifundo nikaweka chini kabisa. Joyline nikampa maiki ya Bogonko. Akasema "Babu!" Tata akaruka kidogo, akacheka mpaka mapengo yakaonekana. "Ninamsikia! Nyamusi, mwanangu, ninamsikia!" Akamwambia aseme tena. Akasema tena. Akaimba ile ya shule ya Jumapili. Tata akasema ongeza kidogo, nami nikaongeza. Akasema tena ongeza. Nikaongeza.

Joyline akafurahi akamkimbilia kumkumbatia. Na maiki mkononi. Ikafika kando ya sikio la Tata.

Ule mlio wa maiki ikikaribiana na spika! Mimi nilikuwa mbali na bado nilishika kichwa. Na Tata hedifoni zilikuwa zimemfunika masikio yote mawili. Hakuzivua. Mikono ilibaki hewani tu, kama mtu amesahau alitaka nini. Niling'oa waya kwa betri. Upande wa kushoto wa hedifoni ulikuwa unanuka kama plastiki imeungua.

Joyline alilia. Tata alimbeba, akampangusa kamasi, akaniambia, "Hakuna kitu. Hakuna kitu, mama." Alisema polepole. Tangu zamani mimi sijamsikia akiongea polepole hivyo.

Jumapili, 10 Agosti

Zamani ukipiga makofi nyuma yake alikuwa anageuka. Leo asubuhi nilijifanya sufuria imenitoka mkononi. Kuku wote walitawanyika. Tata aliendelea kukoroga uji wake.

Nikamzunguka, nikamuuliza kwa mikono, masikio je? "Iko sawa. Imechoka tu, kesho itaamka." Akaniuliza lini nitaleta tena ile mashine.

Jumatano, 13 Agosti

Nilirudi kwa Caren. Nilitaka tu kuuliza swali moja. Kale kaboksi kanaweza kutumia pawabanki ya simu?

"Ee, mami. Hata chaja ya simu. Si ungeuliza?"

Nililia pale pale dukani mbele ya wateja. Akafunga mlango. Nikamwambia yote, hata kicheko cha kwa Bogonko. Hakunilaumu. Alisema tu ile amplifaya ni ya kusukuma spika uwanjani, na mimi niliiweka juu ya ngozi ya sikio. Na kwamba Bogonko naye si mtu mbaya, yeye anajua uwanja. Mimi ndiye nilijua ni sikio la nani.

Bonface pia hanilaumu. Aliangalia hedifoni, upande wa kushoto umekufa, akazirudisha kwa sanduku kama mtu anafunika mtoto amelala. Nikamwambia pole juu ya zawadi yake. Akaniita mama Joyline kwa Kijaluo chake: "Yawa, Min Joyline. Hedifoni ni hedifoni. Wewe ulizia mzee." Afadhali angenigombeza.

Jumatatu mzee atapelekwa kliniki ya masikio Migori. Caren amenipa kaboksi niende nako. Sikumwomba. "Upande wa kulia wa hedifoni bado unafanya kazi. Na yeye kliniki wanaweza kukuta sikio moja limebaki." Nimekaweka kwa mkoba pamoja na nguo za Joyline. Ninaomba. Mungu husikia hata wale hawakuuliza, si ndiyo?

Jumatatu, 18 Agosti. Migori

Naandika hapa kwa benchi. Joyline amelala mapajani, daftari liko juu ya mgongo wake.

Tata ameingizwa kwa kachumba kenye kioo. Amevalishwa hedifoni za hospitali. Sista wa kliniki ameketi mbele yake na mashine. Amemwonyesha kwa mikono — ukisikia, inua mkono. Hata kidogo, inua. Tata amekubali kwa kichwa. Amevaa ile shati ya harusi yangu.

Ameinua!

Tena ameinua. Ya tatu pia. Asante Yesu, asante, asante. Nimesema kwa sauti mpaka mama aliyeketi kando yangu ameniangalia. Nimemwambia ni baba yangu, anasikia. Akasema, Mungu ni mwema.

Ya nne. Ya tano, haraka, hata sista hajatoa kidole.

Ngoja.

Tata haangalii mbele. Anaangalia mkono wa sista. Kidole kikishuka, yeye anainua. Halafu ananiangalia mimi kwa kioo, na anatabasamu, vile alitabasamu akisema hakuna kitu. Kila akiinua lazima aniangalie, kuona kama nimeona.

Sista naye ameona. Amesimama. Hajakasirika, amemshika bega tu kwa upole. Sasa anageuza kiti. Tata sasa ameangalia ukuta, mimi naona tu kisogo chake na mkono wa kulia juu ya goti.

Sista amerudi kwa mashine. Amebonyeza.

Amebonyeza tena, na anazungusha kifundo. Anaongeza.

Mkono bado uko juu ya goti. Kidole kimoja kimesogea — ama ni mimi nataka kisogee. Anaongeza tena. Mkono haujainuka.