Gari la Chini Kama Mkeka

Kamembe, Jumamosi

Na bado wanabishana! Harusi imekwisha, binti yetu Claudine ameshafika kwa mume wake, lakini mume wangu na mdogo wake wako sebuleni wanalinganisha magari.

Wiki nzima ni hayo tu. Tuchague moja la maharusi kati ya magari mawili ya kukodi ya kufunguka paa, jekundu na jeupe: lipi lina injini kali, lipi linachomoka kama risasi. Likimbilie wapi, nyuma ya tarumbeta za harusi?

Mimi nilitaka jeupe. Limeinuka kidogo, gauni lisilambe vumbi. Jekundu liko chini kama mkeka. Wakanishinda, nikanuna mpaka asubuhi.

Miguu ya mama yangu ilishakataa kusimama. Tulimweka kwenye kiti mbele ya nyumba yake, ili msafara ukitoka kanisani amwone mjukuu. Niliogopa ataambulia shela tu. Bwana harusi akasimamisha gari ubavuni pake. Lilikuwa chini hivi kwamba mama, vilevile amekaa, alinyoosha mkono akaushika uso wa Claudine.

"Mutoto wangu," alisema, "nilizania baraka yangu itabakia huku kwa kiti. Wende na amani."

Claudine alilia. Mimi je...

Sijui mama atakuwa nasi mpaka lini. Lakini leo, asante Mungu.

Sasa hivi wameniita niamue gari lipi limeshinda. Nimesema jekundu. Nawasikia wanashangilia injini.