Umenigeuzia Kofia

Gatsata, Jumatatu, 9 Septemba 2024

Kwa Umuhoza,

Habari za huko Biryogo? Mumeo Keith hajambo? Mimi ni mzima. Sina homa, sina kikohozi, presha iko sawa. Nakuambia mapema usije ukawatangazia watu kwamba jana mjomba wako alikuwa mgonjwa.

Umenigeuzia kofia. Mimi! Mbele ya baa nzima!

Njiani nilijiambia labda nimeona vibaya, labda ni jua. Hapana, nilikuona. Ulisimama pale karibu na jiko la mishikaki, ukashika kapelo yako, ukaipeleka mbele nyuma, na bendi ikafunga wimbo kama walivyofundishwa. Wimbo wangu! Rumba niliyoitunga Mwanza kabla mama yako hajaolewa, rumba ambayo wewe ndiyo uliyojifunzia besi. Mmeukata hata kiitikio cha pili haujafika.

Ile ishara aliitunga nani? Si mimi na wewe, mwaka ule tulipoanzisha jam kwenye baa ya Mukankusi pale Sonatubes? Kila Jumapili saa tisa, anayetaka anaandika jina ubaoni, anapanda, anapiga nyimbo mbili, hatumkatai mtu. Na kwa sababu hatumkatai mtu, tukatafuta njia ya kumshusha mlevi bila kumuaibisha. Mwenyeji akigeuza kofia, bendi inafunga, watu wanapiga makofi, mlevi anadhani amemaliza. Kofia ni ya walevi, Umuhoza! Ni ya yule bwana harusi aliyetaka kuimba beti kumi na nane. Mimi nimeshika gitaa miaka arobaini na mitano. Watu walikuwa wanavuka mpaka kuja kunisikiliza, wewe hujazaliwa.

Usinipigie simu. Tangu jana umepiga sijui mara ngapi, nimekata zote, na nitaendelea kukata. Ukiwa na la kusema, liandike. Hii nimempa motari wa pikipiki akuletee mkononi.

Mjomba wako,
Léonce


Biryogo, Jumatano, 11 Septemba 2024

Shikamoo Mjomba,

Nashukuru kama u mzima. Mimi si mzima, nina hasira tangu Jumapili na hazijashuka. Keith anakusalimu, na amenisihi nisikuandikie nikiwa hivi. Nakuandikia hivihivi.

Unasema unakata simu. Ungekata tu ningeelewa. Wewe unapokea! Unasema "haloo, haloo", mimi naita Mjomba, Mjomba, karibu kulia, halafu ndiyo unakata. Huo ni ukatili. Na jana nilikuja mpaka Gatsata. Nilikuona dirishani umekaa umenipa mgongo, unasoma gazeti. Nikagonga mlango mpaka jirani yako Nyiraneza akatoka na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Hukugeuka hata shingo. Mimi mtoto wa dada yako nikasimama nje kama mtu wa kuuza sabuni.

Sasa wimbo. Unataka ukweli? Bendi ilishaingia kwenye sebene, wewe ukabaki kwenye ubeti. Nikasema atakuja. Hukuja. Gitaa limekwenda upande wake, bendi upande wake, na wewe ukazidi kuongeza sauti. Gasana, yule mwalimu wa hesabu niliyempa besi, akawa ananitazama, ananiuliza kwa macho afanye nini. Meza ya nyuma walikuwa wameshanyanyua simu, wanarekodi, wanacheka. Ulitaka nisubiri Kigali nzima ikucheke? Niligeuza kofia kukutoa pale. Na ningegeuza tena.

Nani aliniambia kofia haina ndugu? Ni wewe! Keith alipopanda kuimba, wiki moja tu tangu anivishe pete, wewe ndiye uliyeninong'oneza "geuza". Nikamgeuzia mchumba wangu mwenyewe. Hakuongea nami siku tatu.

Wewe uliyekuwa unanipiga vidole na kijiko, "sikio kwanza, kidole baadaye," sikio lako Jumapili lilikuwa wapi?

Mpwa wako,
Umuhoza


Gatsata, Alhamisi, 12 Septemba 2024

Umuhoza,

Shikamoo yako nimeiona. Sijaiitikia na sitaitikia. Afya yangu haikuhusu.

Unauliza sikio langu lilikuwa wapi. Haya, na mimi nikuulize: vyombo ni vya nani? Dramu ni zangu. Amplifaya ni yangu, spika zangu, hata hiyo besi unayojishaua nayo ni yangu. Jumamosi Usumani fundi cherehani anakuja na pikapu, anachukua vyote. Jumapili wageni wako wapige vijiko.

Halafu huyo Gasana wako. Tangu lini besi inashikwa na mtu mwingine mimi nikiwa jukwaani? Uliniuliza? Ungekuwa umeishika mwenyewe haya yote yasingetokea. Lakini siku hizi umekuwa bosi, wewe ni wa kuzunguka na kofia na kusalimiana na wateja.

Mama yako angekuwa hai angekukanya. Kwa kuwa hayupo, nimekukanya mimi.

Aliyekuwa mjomba wako,
Léonce


Biryogo, Jumatatu, 16 Septemba 2024

Shikamoo Mjomba,

Usipoitikia basi. Mimi nimelelewa kuamkia, na walionilea ni wewe na mama.

Vyombo ulichukua. Hongera. Saa tisa ilipofika watu walikuwa wamejaa, ubaoni majina kumi na moja, na mbele hakuna kitu, waya tu sakafuni. Nilitaka ardhi inimeze. Unajua nani aliniokoa? Mukankusi mwenyewe. Alitoka jikoni na aproni yake, akageuza kreti mbili za bia na jerikani, akasema, "Pigieni hapa, mtapiga wapi?" Mama mmoja aliyetoka kanisani alikuwa na kayamba kwenye mkoba. Tukapiga mikono, tukaimba mpaka saa kumi na mbili. Jumapili yangu haikufa, Mjomba. Ulitaka ife na haikufa.

Hapo ningemaliza barua nikalala vizuri. Lakini Usumani alipita leo asubuhi kuleta nguo yangu aliyoishona, nikamuuliza kama vyombo vilifika salama. Akaangalia chini. Nikambana. Ndipo akaniambia, na naandika kama alivyosema: "Dada, mimi iko naogopa. Ile sahani kubwa ya dramu ilinianguka kwa simenti, nyuma ya mzee kabisa, paaa! Kuku ya jirani yote iliruka. Mzee iko anafunga kamba tu. Hakuangalia hata."

Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Nimeichukua barua yako nikaisoma upya, nikakumbuka na yale niliyokuandikia mimi. Haloo, haloo. Mlango. Gazeti. Gitaa linaloongezwa sauti.

Tangu lini, Mjomba?

Tangu lini husikii, na kwa nini nimeambiwa na fundi cherehani? Hasira nilizokuwa nazo wiki iliyopita zilikuwa za kitoto. Hizi za leo ndizo hasa. Mimi nimekutukana sikio! Umeniacha nikutukane, umenyamaza, ukaona afadhali unichukie kuliko uniambie. Mimi ni nani wako? Mteja wa Mukankusi?

Jibu hili. Mengine yote usijibu.

Mpwa wako,
Umuhoza


Biryogo, Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Shikamoo Mjomba,

Wiki tatu na hujajibu. Jana kabla ya jam nilikuja tena. Safari hii sikugonga. Nilisimama mbele ya dirisha nikapunga mikono kama mwendawazimu, watoto wa Nyiraneza wakanicheka. Uliniona. Tuliangaliana macho kwa macho. Ukashusha pazia.

Sitakuja tena mpaka uniite.

Umuhoza


Gatsata, Jumatatu, 4 Novemba 2024

Kwa Umuhoza,

Habari za siku nyingi? Keith hajambo? Mara ya kwanza niliandika kwamba mimi ni mzima, na ule ulikuwa uongo, na ukinicheka kwa hilo nitachana karatasi.

Usumani ana mdomo mrefu na nimeshamwambia hivyo usoni. Lakini amesema kweli. Sikio la kushoto limekufa tangu mwaka jana kabla ya Pasaka. La kulia linafuata. Nimekwenda kwa daktari Nduwayo, amenifungia kidude nyuma ya sikio. Mtu akiwa karibu namwelewa. Muziki ukiingia humo unakuwa mabati yanayoburutwa barabarani. Nikamwambia daktari akitoe, akaniambia nitazoea. Mwenzangu hapigi gitaa, anajua nini?

Unauliza kwa nini sikukuambia. Ulitaka nikuambie nini? Mpiga gitaa asiyesikia, atafanyiwa nini huko? Atapewa kiti cha mbele, atapigiwa makofi ya kumwonea huruma, watu wataulizana, "Disi, maskini, mzee amejitahidi, eeh?" Afadhali nife. Nimeyaona makofi hayo. Niliwahi kuyapiga mimi mwenyewe kwa mtu mwingine, nikacheka njiani kurudi nyumbani.

Sasa utauliza, kama tangu Pasaka ya mwaka jana, mbona nimepiga miezi yote hiyo na hukugundua, wewe mwenye masikio mazima? Nitakuambia mara moja tu.

Nilikuwa napiga kwa mkono wako. Hukushangaa kwa nini nilihamisha kiti changu nikakiweka kushoto kwako? Ulidhani mzee anakimbia moshi wa mishikaki. Nilikuwa naangalia vidole vyako kwenye besi. Nimekufundisha mwenyewe, kila unapokwenda napajua. Ukishuka, najua tunashuka. Ukikaza mdomo, najua sebene inakuja, unakaza mdomo hivyo tangu una miaka tisa. Mimi nikaweka vidole vyangu juu ya vyako na hakuna mtu aliyegundua, hata wewe. Mwaka na nusu!

Jumapili ile nikapanda, nimeshakaa, nimeshaanza, nageuka, besi iko kwa Gasana. Amesimama nyuma ya spika, simwoni hata bega. Nikasema moyoni, Léonce, leo umekwisha. Nikakutafuta wewe. Nikakuona kule kwenye jiko la mishikaki, nikakukazia macho, nikasema akitikisa kichwa tu, akigonga mguu tu, nitashika. Sikuwa natazama bendi, sikuwa natazama watu. Nilikuwa nakutazama wewe peke yako. Ndiyo maana kofia niliiona kabla ya bendi.

Ndicho kilichoniuma. Hayo ya mwanzo, ya beti kumi na nane na walevi, nimeandika kwa hasira tu.

Sikuombi radhi kwa vyombo. Vilikuwa vyangu.

Mjomba wako,
Léonce


Biryogo, Jumanne, 5 Novemba 2024

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika saa nne. Nimeisoma nimesimama mlangoni, motari akaniuliza kama kuna msiba.

Mwaka na nusu! Nimekaa mita moja kutoka kwako mwaka na nusu, nakuambia "leo Mjomba umepiga vizuri," na wewe unatikisa kichwa kumbe hata hayo huyasikii. Nakuonea hasira, najionea hasira, na Gasana maskini nimemjibu vibaya leo bila kosa lolote. Ungesema neno moja tu, "Umuhoza, usiache besi." Usingehitaji kunieleza sababu. Nisingeuliza!

Nisikilize, au nisome. Jumapili besi nashika mimi. Jina lako nimeshaliandika ubaoni mwenyewe, la kwanza, kwa chaki nyekundu, na Mukankusi amekataza mtu kulifuta. Kiti chako kitakuwa kushoto kwangu. Meza ya nyuma nimeiondoa kabisa. Na kofia naiacha nyumbani, sitaivaa tena ukiwa jukwaani. Piga utakavyo, hata ukienda upande, nitakufuata huko huko na bendi itanifuata. Hakuna atakayekukata tena.

Njoo tu. Tafadhali.

Mpwa wako,
Umuhoza


Gatsata, Jumatano, 6 Novemba 2024

Umuhoza,

Nani kakutuma uache kofia nyumbani?

Nimekuambia sitaki makofi ya huruma, na wewe unaniletea bendi nzima ya huruma! Unifuate upande? Mimi nikipotea na wewe upotee, na wale waliokuja kusikiliza muziki wakasikilize nini? Na hiyo meza ya nyuma irudishe. Wamelipia bia yao, wakae wanapotaka, wacheke wanapotaka. Jina langu lifute. Nitaliandika mwenyewe nikifika, kama mtu mwingine yeyote, na kama nimekuwa wa kumi na moja nitasubiri.

Besi shika. Hilo nalikubali, hilo nimeliomba.

Jumamosi Usumani anakuja na pikapu. Safari hii anarudisha. Mwambie aishike ile sahani kwa mikono miwili.

Kofia ivae. Mwenyeji wa jam bila kofia ni mtu amesimama tu. Na sikia: nikienda upande, usinisubiri, usinilindie heshima. Acha besi nukta moja, geuza kofia, ufunge wimbo, watu wapige makofi yao, na mimi nishuke kama wenzangu wanavyoshuka. Macho yangu ni mazima. Ukinionea huruma nitaiona, na hapo ndipo utakaponikosa kabisa.

Marahaba.

Mjomba wako,
Léonce