Maelezo ya Philbert Ndyamukama kuhusu Fomu ya Kumi na Mbili

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Bukoba. Jumatatu, tarehe 17 Machi 1958, saa tatu na nusu asubuhi.
Kosa linalochunguzwa: kuharibu mali na kumtoa mtu nyumbani kwa nguvu, Buganguzi.
Jina la shahidi: Philbert Ndyamukama. Umri: miaka 31. Kabila: Mhaya. Dini: Mkristo, Mlutheri. Kazi: karani wa ghala la kahawa. Makazi: Miembeni, Bukoba.

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu mbele ya Sajini Zahoro Burhani. Sajini ameniambia nieleze tu niliyoyaona siku ya Ijumaa. Nitayaeleza, lakini ya Ijumaa hayana maana bila ya kitabu, na nimechoka kuambiwa kwamba kitabu si kazi ya polisi. Naomba yaandikwe yote.

Mnamo mwaka 1954 niliajiriwa na Bwana Thornley, Mwingereza aliyekuja kutoka chuo kikuu cha kwao kuandika kitabu kuhusu jinsi Wahaya wanavyorithishana vibanja, yaani mashamba ya migomba ya ukoo. Yeye hakujua Kihaya. Mimi nilipita nyumba kwa nyumba na fomu zake, nikiuliza kwa Kihaya na kuandika majibu kwa Kiingereza. Kila mtu nilimwambia, kama nilivyoagizwa, kwamba jina lake halitaandikwa popote.

Bwana Thornley alitaka fomu kumi na mbili kila Jumamosi. Alizihesabu mbele yangu kabla ya kunisalimu. Zikipungua alisema wako vijana wengi Bukoba wanaojua Kiingereza. Hakuuliza hata mara moja watu wananijibuje, wala hakurudi kwenye nyumba hata moja kuhakikisha.

Mnamo tarehe 15 Oktoba 1954, siku ya Ijumaa, nilikuwa na fomu kumi na moja. Saa nne asubuhi nilifika Buganguzi kwa Ma Kokubanza, mke wa Protase. Protase alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mwana wao Buberwa ndiye aliyerithi kibanja. Nilimkuta mama huyo akipalilia maharage. Alinisalimu vizuri, akanisikiliza mpaka nilipofika swali la watoto na baba zao. Hapo akasema kwa adabu, "Waitu, mambo ya nyumba yangu si ya karatasi. Nenda salama." Akaendelea kupalilia. Sikumlaumu. Hata mama yangu angejibu hivyo hivyo.

Jioni ile mvua ilinyesha sana. Nilirudi Muleba nilikopanga chumba, nikaijaza fomu ya kumi na mbili mwenyewe. Wiki hiyo nilikuwa nimesikia watu kwenye lubisi, pombe yetu ya ndizi, wakisema Buberwa hafanani na Protase. Maneno ya walevi tu. Nikayachukua, nikayatia kinywani mwa Ma Kokubanza kana kwamba ameyasema yeye. Niliandika kwamba alikiri Buberwa ni wa mwanamume mwingine, na kwamba mkwewe, marehemu mzee Kagaruki, baba yake Protase, alijua akanyamaza. Hayo yote nilibuni. Fomu zile kumi na moja ni za kweli. Hii si ya kweli.

Jumamosi Bwana Thornley aliisoma mara mbili. Alisema katika fomu zote nilizomletea hakuna iliyokuwa nzuri kama hiyo. Nilifurahi. Naona aibu kulisema, lakini nilifurahi.

Mnamo tarehe 18 Januari mwaka huu, siku ya Jumamosi, niliitwa kwenye kikao cha ukoo wa Kagaruki huko Buganguzi. Apolinary, mdogo wake marehemu Protase, ambaye angerithi kibanja kama Buberwa si wa Protase, alikuwa amepata kitabu cha Bwana Thornley kutoka kwa jamaa yake aliye mwalimu. Kwa kuwa wazee hawasomi Kiingereza, waliniita mimi niwasomee kwa Kihaya kurasa tatu zilizowekewa alama. Sikuambiwa kabla ni kurasa gani.

Ilikuwa ni ile fomu yangu, neno kwa neno. Jina la Ma Kokubanza lilikuwa limefichwa, ameitwa "Bibi A." Lakini Bwana Thornley aliacha jina la kibanja, akaacha na muziro wa ukoo, yaani mnyama wasiyemla. Mtoto yeyote wa Buganguzi akitajiwa kibanja na muziro anakuonyesha mlango wa nyumba yenyewe. Sijui mtu mwenye elimu kama yake alidhani ameficha nini. Na mimi niliyezaliwa huku ndiye niliyemjazia hayo kwenye fomu.

Nilisoma mpaka mwisho kwa sababu sikujua la kufanya. Nilipofika mahali palipoandikwa "Kagaruki alijua," Bi. Alistidia, dada yake mzee Kagaruki, alinyanyua mkono. Alisema, "Mke wa mji huu hatamki jina la mkwewe, hata akiwa peke yake. Aliyesema hayo si Kokubanza." Ni kweli. Kila mwanamke wetu anajua hilo, nami nililisahau usiku ule wa mvua kwa haraka ya kumaliza. Apolinary alijibu kwamba mbele ya Mzungu mtu husema lolote.

Ndipo niliposimama nikasema maneno yale ni yangu, nimeyatunga. Wakacheka. Apolinary aliniuliza Ma Kokubanza amenipa nini. Mzee mmoja aliniambia kwa upole kwamba kitabu kimechapwa Ulaya na watu wenye akili, nami nisijikuze. Niliyatunga mwenyewe, Sajini, kwa mkono huu, na hakuna mtu barazani aliyeniamini. Walikubaliana nimwandikie Bwana Thornley, na jibu lake lingemaliza maneno. Kokubanza mwenyewe hakuitwa kikaoni.

Nilimwandikia tarehe 20 Januari. Nilimweleza kila kitu kama nilivyoeleza hapa, nikamwomba atoe tangazo kwamba kurasa zile ni za uongo. Jibu nililipata tarehe 3 Machi, nami nimelikabidhi kituoni leo. Anasema kitabu kimeshasomwa na wataalamu wenzake na kimesifiwa. Anasema wakalimani hujuta baadaye wakibanwa na jamaa, hilo amelizoea, kwa hiyo anaamini fomu ya mwanzo kuliko barua yangu. Anasema jina la mama halimo, hivyo hajadhuriwa na mtu. Mwishoni anasema kama nitaendelea na madai haya hataweza tena kuniandikia barua ya kuniombea nafasi ya masomo Makerere.

Nilikasirika hadi nikashindwa kula. Hata hivyo niliwapelekea wazee barua hiyo Jumapili, tarehe 9 Machi, nikawasomea bila kuficha neno, maana nilikuwa nimeapa kutosema uongo mwingine kuhusu nyumba ile. Apolinary alinishukuru.

Sasa nafika Ijumaa. Mnamo tarehe 14 Machi nilipanda lori kwenda Buganguzi. Nilitaka kuonana na Ma Kokubanza mwenyewe, kitu ambacho kwa miaka yote hiyo sikuwa nimekifanya kwa sababu ya aibu. Nilifika yapata saa tano. Niliwakuta Apolinary na wanaume wawili nisiowajua majina, wana mapanga. Migomba yenye mikungu michanga ilikuwa imelala chini. Nilihesabu arobaini na mitatu, kisha nikaacha kuhesabu. Mlango wa nyumba ulikuwa umeng'olewa. Vyungu, mkeka na sanduku vilikuwa njiani. Buberwa alikuwa kazini Bukoba, hakuwapo.

Niliwaambia waache. Apolinary aliniambia niende nikasome kitabu.

Ma Kokubanza alikuwa amesimama kando ya sanduku lake. Hakulia. Aliponitambua aliniambia, "Ulikuja nikakuambia nenda salama. Kwa nini ulinijibia?"

Sajini amenionya kwamba maneno haya yanaweza kunifukuzisha kazi na hata kunifanya nishtakiwe. Nimeelewa. Pia ameniuliza nina ushahidi gani kwamba nilidanganya. Nimemwambia sina zaidi ya kinywa changu na neno la Bi. Alistidia. Fomu yenyewe iko Ulaya. Nikitakiwa nitaapa mahakamani, na mbele ya ukoo tena, hata wakicheka.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimesomewa maelezo yangu, ndivyo nilivyoyasema.

(Sahihi) Ph. Ndyamukama

Maandishi ya afisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi mwenyewe kwa Kiswahili na kumsomea shahidi, ambaye amekubali ni sahihi. Saa saba kasorobo mchana nilimwita mlalamikaji, Kokubanza mjane wa Protase, aliyekuwa akingoja nje tangu asubuhi. Nilimuuliza kwa njia ya mkalimani wa kituo, si shahidi huyu, Buberwa ni mtoto wa nani. Alijibu kwamba ni mtoto wa Protase. Akaongeza kuwa tangu kitabu kile kifike, mimi ndiye mtu wa kwanza kumuuliza.
Sjt. Zahoro Burhani