Herufi za Moto Kwenye Kisigino

Garissa, Alhamisi, 1997. Upepo umejaza vumbi hadi kwenye chai, na mimi sina raha hata kidogo.

Viatu vyangu vya basketboli viko juu ya kabati, karibu na msahafu. Hooyo, mama yangu, ndiye aliyeviweka huko. Viatu! Ningecheka kama visingekuwa vyangu.

Kaka alivituma kutoka Marekani, maana vya zamani vilipasuka na Garissa nzima hakuna duka lenye kiatu cha kuenea mguu wangu. Ni toleo jipya la kiatu cha yule bingwa niliyembandika ukutani, na historia yake naijua yote. Cha kwanza kilipanda hadi juu ya kifundo. Watengenezaji wakaja wakakipunguza shingo, halafu wakaweka kidirisha kwenye soli ili hewa iliyojazwa ndani ionekane. Safari hii mchoraji wao ameandika neno la Kiingereza la hewa kwenye kisigino, herufi zikiwaka kama moto. Nililipenda mno.

Hooyo hajui Kiingereza. Anajua Kurani. Jana nikiwa nafunga kamba, aliinama akatazama kisigino.

"Hooyo, vua," akaniambia, maana mama zetu wa Kisomali huwaita watoto kwa neno hilohilo la mama. "Wallahi, umevaa jina la Mwenyezi Mungu mguuni."

Nikamsomea neno herufi moja moja. Akanisikiliza, kisha akapitisha kidole juu yake kutoka kulia kwenda kushoto, kama anayesoma Kiarabu, na mimi nikaliona hilo jina.

Tangu hapo sioni kitu kingine.

Nifanyeje? Kulikata neno hilo kwa kisu siwezi, mkono unakataa. Nikipaka rangi, bado litakuwa chini yake. Jalalani haviendi, na nikimpa mtu nimempa dhambi yangu. Leo nimempelekea kimoja maalim wa madrasa ya hapa mtaani kwetu, Galbet. Amekigeuzageuza kiatu, akasema yeye anaona moto tu, nami nia yangu ni safi. Nikashusha pumzi. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili, kama anayeshika msahafu, akisema bismillahi.

Jumamosi wanakuja watu wa kuchagua timu ya mkoa. Nimeingoja siku hii tangu nimalize shule. Kocha wetu, mwalimu kutoka Machakos, ananihurumia lakini haelewi. "Wewe cheza tu, hayo maandishi tutaongea Jumapili," ameniambia.

Nina hasira na sina wa kumkasirikia. Mchoraji alitaka kiatu kipendeze, wala hajui kama kuna mji unaitwa Garissa. Kaka alitaka nicheze. Hooyo ana haki.

Jioni nimejaribu kucheza peku. Saruji ya uwanja ilikuwa bado inaunguza, nikarudi nyumbani nachechemea.

Basi Jumamosi nitasimama pembeni na sandali zangu, nimeshika maji ya wenzangu. Wakifunga nitashangilia. Sijui nitawezaje, lakini nitashangilia.